Nani Kagusa Pambizo Zangu?

Kila ofisi ina mtu mmoja ambaye watu wakimwona tu wanakumbuka kwamba kompyuta zao zinaumwa. Kwetu mtu huyo ni mimi. Sikusomea kompyuta. Niliajiriwa kujibu barua za wateja, hasa wale ambao mzigo umefika Tunduma ilhali wenyewe wanausubiri Tanga. Kilichoniponza ni kuandika kwa vidole vyote kumi bila kuitazama kibodi. Katika ofisi za nchi hii, mtu wa vidole kumi anahesabiwa kuwa mhandisi, na akiizima printa na kuiwasha ikapona, basi keshakuwa profesa.

Kwa hiyo bosi alipochoshwa na ripoti za kampuni, hakumtafuta mtaalamu. Aliniita mimi.

"Bwana mdogo, hebu nitengenezee templeti moja, ripoti zote zifanane. Unaweka nembo pale juu, kwisha kazi."

Kwisha kazi! Anayesema hivyo hajawahi kumkabidhi mhasibu hati ya Word.

Nimtetee kidogo, maana sababu alikuwa nazo. Sisi ni kampuni ya usafirishaji, makao makuu Dar es Salaam, matawi Mbeya, Mwanza na Tunduma. Kila mwisho wa robo mwaka idara na matawi huleta ripoti, zinabanwa pamoja kuwa kitabu kimoja cha bodi. Ukikifungua kitabu hicho utadhani umeokota makaratasi ya kampuni kadhaa zilizofilisika siku moja. Mauzo wanaandika kwa zambarau, eti ndiyo rangi ya matumaini. Fedha wanatumia herufi ndogo kiasi kwamba hasara haionekani bila miwani, na nashuku hiyo ndiyo nia yenyewe. Karakana hawaweki namba za kurasa. Kwao ukurasa ni ukurasa. Lakini waliotia fora ni watu wa Usalama. Word ina mapambo ya kuzungushia ukurasa: yapo matufaha, ipo minazi, vipo hata vipande vya keki. Ripoti ya lori lililopinduka Kitonga ilifika mezani kwa bodi imezungushiwa vipande vya keki, ukurasa hadi ukurasa. Mwenyekiti akauliza tunasherehekea nini.

Kwa desturi yetu, kazi ya mtu mmoja haianzi mpaka idara zote zimeikalia kikao. Kikao cha kiolezo, yaani hiyo templeti, kilikuwa na chai, vitumbua na posho. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye nembo. Masoko wanataka nembo kubwa. Bosi anaitaka kubwa zaidi. Mkuu wa Karakana akauliza kama inaweza kuwekwa nyuma ya maandishi, kwa ukungu, ijae karatasi nzima, "ili wasitughushi." Nikajiuliza moyoni ni mwizi gani atakayeamka usiku kughushi ripoti ya hasara.

Tukahamia kwenye fonti. Mzee wa Utawala alikuwa na msimamo: "Times New Roman. Hiyo ndiyo ya kiserikali."

Nikamjibu kwa adabu, "Mzee wangu, fonti hiyo ilitengenezewa gazeti la The Times la London. Walianza kuitumia mwaka 1932, ikabanwa ili maneno mengi yaenee kwenye safu nyembamba za gazeti."

Akanitazama juu ya miwani. "Na mwaka 1932 hapa serikali ilikuwa ya nani?"

Nikala kitumbua.

Ukweli ni kwamba kwetu fonti haichaguliwi, inarithiwa. Kwa miaka mingi Word ilianza na Times New Roman, mpaka toleo la 2007 likaleta Calibri, na tangu 2023 Microsoft wanatuletea Aptos. Ukipewa ripoti yoyote ya kampuni yetu, usisome jina la mwandishi. Tazama herufi zake, utajua laptopu yake ilinunuliwa kwa bajeti ya mwaka gani. Mzee wa Utawala ni Times. Fedha ni Calibri. Vijana wa Masoko ni Aptos, na Aptos yao ikifika kwenye kompyuta ya Tunduma isiyokuwa nayo, Word inaokota fonti nyingine iliyo karibu. Mistari inasogea, ukurasa wa saba unakuwa wa nane, jedwali linakatika kiunoni, na simu inapigwa kwangu. Nikapendekeza tutumie fonti ambayo kila mashine inayo. Wakaafiki kwa kauli moja. Kisha Masoko wakauliza kama hatuwezi kupata ile ya kwenye mabango ya soda.

Masoko hao hao walikuja na kiolezo walichokipakua kwenye intaneti ili "kunirahisishia". Kilipendeza, siwezi kukataa. Jaladani kina picha ya watu wenye suti wakipeana mikono mbele ya dirisha la ghorofa. Lakini kimezaliwa Marekani, na Marekani karatasi yao ni Letter, milimita 216 kwa 279. Yetu ni A4, milimita 210 kwa 297. Kwa macho hutaona tofauti. Printa inaiona. Iliwasha taa, ikadai iletewe karatasi ya Letter, ikagoma na kila mtu aliyekuwa nyuma kwenye foleni. Mhudumu akapewa nauli, akaenda Kariakoo kuitafuta. Alirudi jioni na rimu ya A4, risiti, na maelezo marefu ya foleni ya Msimbazi.

Katika kikao chote kile, hakuna aliyeuliza habari ya mitindo. Na mitindo ndiyo kiolezo chenyewe; nembo ni pambo tu.

Nieleze, maana najua hata wewe unayecheka hapo una dhambi hii. Katika Word kila aya ina mtindo inaoufuata. Ukiipa aya mtindo wa kichwa cha kwanza, programu inajua hiki ni kichwa. Itakipa namba ukiiagiza, itakiingiza kwenye yaliyomo, na haitakiacha kibaki peke yake mkiani mwa ukurasa huku aya yake imehamia ukurasa wa pili. Lakini ukiyakoleza maandishi wino tu, ukayakuza hadi 16 na kuyapigia mstari, wewe unaona kichwa, Word inaona aya ya kawaida. Ni sawa na kumvika shemeji yako kofia ya trafiki, ukamsimamisha Ubungo ukitegemea malori yasimame.

Wenzangu wote ni watu wa kofia. Wanaamini macho. Kikionekana kichwa, ni kichwa. Ikionekana imekaa kulia, imekaa kulia. Ukitaka kujua tabia halisi ya mfanyakazi mwenzako usimtafute kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka. Fungua ripoti yake, kisha bonyeza kile kitufe chenye alama ya aya, ile inayofanana na herufi P iliyogeuzwa nyuma. Yaliyofichika yatajitokeza. Kila nafasi inakuwa kidoti, kila Enta inaacha alama. Hapo ndipo utaona tarehe iliyosukumwa hadi ukingo wa kulia kwa kubonyeza spesi, kidoti baada ya kidoti, na mtu mzima mwenye shahada ya uzamili. Utaona ukurasa mpya uliopatikana kwa kupiga Enta mpaka karatasi ikasalimu amri. Ongeza sentensi moja tu huko juu, na kila kitu kinateremka: "Hitimisho" linakwenda kukaa katikati ya ukurasa, juu yake uwazi mtupu. Halafu tunashangaa bodi ikisema ripoti zetu zina mapengo.

Dada wa Masjala yeye aliandika yaliyomo kwa mkono. "Utangulizi", halafu nukta, nukta, nukta, mpaka upande wa pili, halafu namba ya ukurasa. Kazi safi, nukta zimenyooka. Ripoti ikiongezeka kurasa mbili, anaanza upya. Nikamwonyesha yaliyomo yanayojiandika yenyewe: vichwa vikiwa na mitindo yake, unabonyeza F9 na kila namba inajirekebisha. Akafurahi, akaijaribu tena, kisha uso ukambadilika.

"Sasa kaka, mimi Ijumaa nitafanya nini?"

Hilo sikuwa na jibu lake, na katika maelezo ya kazi yangu halimo.

Wale waliokubali yaliyomo ya kujiandika nao wana ya kwao. Wanafuta vichwa, wanaandika vingine kwa mtindo wa kofia, halafu wanachapa. Word inavitafuta vichwa vya zamani, haivioni, na mahali pa namba za ukurasa inaweka "Error! Bookmark not defined." Kitabu kimoja kilifika bodi hivyo. Tuna mjumbe mmoja mstaafu, mtu wa kusoma kila kitu mpaka anwani ya mchapaji. Akavua miwani, akauliza: "Huyu Error ni nani, na kwa nini ametajwa mara nyingi kuliko mkurugenzi?"

Namba za vifungu nazo ni msiba wa peke yake. Mkuu wa Karakana anaandika 3.1, 3.2, 3.3 kwa mkono wake mwenyewe. Akifuta 3.2, hazirekebishi zilizobaki. Anasema msomaji ataelewa kuwa kulikuwa na kitu. Afisa Sheria hataki kuchezewa namba, anapenda herufi: (a), (b), (c). Hapo Word inaingia na ule ujuaji wake wa kusahihisha watu bila kuombwa. Ukiandika (c) inaigeuza alama ya hakimiliki. Ukifika (e), inaigeuza alama ya yuro. Kwa hiyo ripoti yetu ya sheria ilikuwa na kifungu chenye hakimiliki na kingine kinachodaiwa kwa fedha za Ulaya, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu ripoti ya sheria husomwa na Afisa Sheria peke yake.

Kisha kuna mhasibu.

Mhasibu ana jedwali la miezi 12, pamoja na jumla, pamoja na asilimia, pamoja na safu ya maoni ambayo haina maoni. Jedwali hilo haliwezi kusimama. Lazima karatasi ilale. Ili karatasi moja ilale na nyingine zibaki zimesimama, unaigawa hati katika sehemu: mkato kabla ya jedwali, mkato baada yake. Sasa sikiliza siri ambayo ingepaswa kufundishwa shule ya msingi. Tabia zote za sehemu, yaani pambizo, mwelekeo wa karatasi na maandishi ya juu na chini ya ukurasa, zimehifadhiwa ndani ya mkato unaoimalizia. Mkato wenyewe hauonekani mpaka ubonyeze ile P ya kinyume. Mhasibu haibonyezi. Anachoona yeye ni uwazi kidogo kabla ya jedwali lake, na mhasibu hapendi uwazi. Anafuta. Mkato unakwenda, na kurasa zote zilizotangulia zinachukua tabia ya sehemu inayofuata. Utangulizi unalala. Muhtasari unalala. Salamu za mwenyekiti na picha yake, ubavu.

"Kaka, ripoti imeanguka."

"Umegusa nini, dada?"

"Sijagusa kitu."

Hakuna mtu ofisini kwetu aliyewahi kugusa kitu. Pambizo hupanuka zenyewe. Rangi hujibadilisha usiku. Nembo hurefuka kama ina njaa. Kwa ushahidi wa mdomo nilioukusanya mpaka sasa, kampuni hii haihitaji kiolezo, inahitaji mganga.

Ningekuwa na nafuu kama wangekuwa wanakitumia kiolezo chenyewe. Hawakitumii. Ripoti ya robo hii huzaliwa na ripoti ya robo iliyopita: mtu anafungua ya zamani, anabadilisha tarehe, anabadilisha namba anazozikumbuka, anaihifadhi. Wasipokuwa na ya kwao wanaazima ya jirani. Ndiyo maana ripoti moja ya Mbeya iliwahi kueleza kwa kujiamini kwamba hali ya Ziwa Victoria imekuwa tulivu na haijaathiri malori yetu. Na wasipoazima, wanakopi na kupesti kutoka popote, barua pepe, tovuti, ujumbe wa WhatsApp, na kila kipande kinakuja na mizigo yake: rangi yake, fonti yake, nafasi zake. Ile njia ya kubandika maandishi matupu ipo pale pale kwenye menyu. Wanaiona kila siku, wanaipita.

Dawa ya hili Word inayo tangu zamani. Hati ya kawaida ni faili la docx; kiolezo ni dotx. Ukilibofya dotx mara mbili, halifunguki lenyewe. Linakupa hati mpya isiyo na jina, yenye kila kitu kutoka kwenye kiolezo, na kiolezo kinabaki salama. Nikaliweka dotx kwenye folda ya pamoja, nikatangaza. Wiki haikuisha, kwenye kundi la WhatsApp la ofisi kukaanza kuzunguka faili linaloitwa "TEMPLETI MPYA final ya mwisho (2)", la docx, limefunguliwa kwenye simu ya mtu, ndani yake tayari kuna ripoti ya mafuta ya Mwanza, na pambizo ni za mtu mwingine kabisa.

Na mistari myekundu? Word za kwetu zimepangwa zikague Kiingereza, kwa hiyo ripoti ya Kiswahili fasaha inapigiwa mistari myekundu kuanzia "Utangulizi" mpaka "Wako mtiifu". Kijana wa mafunzo kwa vitendo aliingiwa na hofu, akaanza kukubali kila neno aliloshauriwa, mpaka nikachomoa waya. Inachekesha ukikumbuka kwamba mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishiriki kuitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili kuanzia juu mpaka chini. Nchi yenye rekodi hiyo, leo ripoti zake zinasahihishwa na mashine inayodhani "mizigo" ni kosa la chapa. Na dawa iko mle mle kwenye mitindo: unauambia mtindo kwamba aya hii ni ya Kiswahili, na kelele nyekundu zinakoma.

Mwanzoni nilifuata njia ya wasomi. Niliandika ukurasa wa maelekezo, nikauweka mbele ya kiolezo: tumia mitindo, usisukume kwa spesi, usifute mikato, bandika maandishi matupu. Juu kabisa nikaandika kwa herufi nyekundu, "FUTA UKURASA HUU KABLA YA KUWASILISHA." Tunduma wakauwasilisha. Ukachapwa kwa rangi, ukabanwa, ukaingia bodi kama ukurasa wa kwanza wa ripoti yao. Nasikia mjumbe mstaafu aliusifu kwamba ni sehemu pekee inayoeleweka.

Ndipo nikafikia uamuzi ambao natamani kila mtengeneza violezo aubandike ukutani. Maelekezo hayasomwi. Mafunzo huhudhuriwa kwa ajili ya chakula cha mchana. Kuwalaumu watu nako hakusaidii, maana mwenye lori hana sababu ya kujua mkato wa sehemu ni nini. Kazi yake ni lori. Kiolezo cha kutegemewa ni kile ambacho mvivu akikitumia kivivu kinatoka sawa. Njia sahihi lazima iwe ndiyo njia fupi. Ikiwa ndefu hata kwa kubofya mara moja, watu watapita shamba.

Nikaanza upya kwa mtazamo huo. Mitindo ile lukuki ya Word nikaificha, nikawaachia michache: vichwa vya ngazi tatu, aya, orodha, jedwali na maelezo ya picha. Kichwa cha kwanza nimekiamuru kianze ukurasa mpya chenyewe, kwa hiyo wapiga Enta hawana pa kupigia. Ukimaliza kuandika kichwa ukabonyeza Enta, mtindo unaofuata ni wa aya, bila wewe kuchagua. Vichwa vimeshikamana na aya zake, havibaki yatima chini ya ukurasa. Namba za vifungu zimefungwa kwenye mitindo ya vichwa, na Mkuu wa Karakana akifuta 3.2, 3.3 inapanda yenyewe, apende asipende. Nafasi kati ya aya na aya imo ndani ya mtindo, si ya kupigiwa Enta. Safu ya juu ya jedwali inajirudia kila ukurasa. Juu ya karatasi jina la sura linajiandika lenyewe kutoka kwenye kichwa chake. Tarehe ina mahali pake kulia, spesi hazihitajiki. Karatasi ni A4. Lugha ni Kiswahili. Ukurasa wa kulala wa mhasibu nimeuweka tayari, nyuma kabisa, kama kiambatisho, aujaze akiwa mbali na watoto wa watu. Na mwisho nikaifunga hati, ile hiari ya Word inayoruhusu mitindo iliyoidhinishwa tu. Vitufe vya rangi na fonti vikafifia, havibonyezeki.

Simu zilipigwa siku hiyo! Mauzo wanalia zambarau yao imekufa. Usalama wanaulizia keki. Mtu mmoja, sitaitaja idara yake, alinakili ripoti nzima akaihamishia kwenye hati tupu ili apate kuiwekea kivuli kwenye herufi. Kwa huyo sina dawa, namwachia Mungu.

Lakini robo hiyo, kwa mara ya kwanza, kitabu cha bodi kilionekana kimetoka kampuni moja. Namba za kurasa zilifuatana. Yaliyomo yalisema kweli. Hakuna kilicholala isipokuwa kilichotakiwa kulala. Mwenyekiti akakipapasa, akakisifu, akampongeza aliyekibana kwa ile springi ya plastiki, maana amejitahidi sana. Kijana wa kubana akasimama, akapigiwa makofi.

Mimi sikuwa na neno, kwa sababu kiolezo kizuri hakionekani. Watu huona kibaya. Ila nilikuwa nimebakiza sehemu moja tu iliyohitaji binadamu. Jaladani kuna kisanduku ambacho mwanzoni kilisema, "Bonyeza hapa uandike jina la tawi." Ukiliandika mara moja, linajisambaza lenyewe hadi juu ya kila ukurasa. Usipoliandika, Word haikugombezi. Inayachapa maneno yale yale kama yalivyo. Nikayafupisha yawe "Bonyeza Hapa", nikijua hata mvivu wa kutupwa ataona kwamba kazi iliyobaki ni neno moja.

Mjumbe mstaafu akafungua ripoti ya nne. "Tawi la Bonyeza Hapa," akasoma polepole. Akageuza kurasa, juu ya kila moja Bonyeza Hapa. Akauliza tawi hili limefunguliwa lini na mbona mapato yake ni madogo kuliko mengine.

Bosi hakutikisika. "Bado ni changa, Mheshimiwa. Tunalilea."

Bodi ikaelekeza wataalamu wakutane kujadili namna ya kuliimarisha. Kikao kimepangwa wiki ijayo, na barua ya mwaliko nimeiona kwa macho yangu kwa sababu imeandikwa kwenye kiolezo changu, pambizo zimetulia kabisa. Kuna chai, kuna chakula cha mchana, kuna posho ya siku nzima. Jina langu halimo.